NANI ATAMSHTAKI MWENYE KUSHTAKI?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi. Twaichapa kwa ukamilifu wake kama ilivyosomwa.)



Nimetakiwa na Kamati niseme juu ya mahkama. Najua kwamba neno hili likitajwa mbele yenu, kila mmoja humkumbuka mtu wake: huyu ndugu yake, yule mwanawe, mwengine jirani yake. Lakini sikusimama hapa kuamsha majonzi. Nimesimama kusema juu ya jambo moja la sheria, nalo ni hili: mtu akitiwa hatiani kwa sababu ushahidi wa kumwokoa umefichwa, au akikaa rumande miaka kwa mashtaka yasiyosimama, yule aliyeyapeleka mashtaka hayo mahkamani atajibu kwa nani? Fikra yangu, ambayo nitaijengea hoja kwa mambo yaliyotokea na kuandikwa, ni kwamba haki ya mshtakiwa haiwi haki kamili mpaka mwenye kushtaki naye awe na wa kumuuliza. Na huyo wa kumuuliza asiwe mwenzake wa ofisi moja.

Wengi wetu tukizungumza juu ya mahkama humtazama hakimu. Hakimu ndiye aliyekaa juu, ndiye asomaye hukumu, na lawama zote hutupwa kwake. Walakin hakimu hahukumu ila kwa yale yaliyoletwa mbele yake. Nani huyaleta? Mwendesha mashtaka. Yeye ndiye aamuaye mtu ashtakiwe au asishtakiwe, na kama atashtakiwa kwa kosa dogo lenye dhamana au kwa kosa kubwa lisilo na dhamana. Yeye ndiye ajuaye shahidi gani ataitwa na shahidi gani ataachwa nyumbani kwake. Yeye ndiye awezaye kusimama siku moja akasema kwamba Serikali haina haja tena ya kuendelea na kesi. Mengi katika mambo haya hayafanywi mbele ya watu. Hufanywa ofisini, na mlango umefungwa.

Mkulima wa karafuu ataelewa upesi nisemalo. Mizani ya mnunuzi hukaguliwa na kutiwa muhuri. Haikaguliwi kwa sababu kila mnunuzi ni mwizi. Hukaguliwa kwa sababu mkulima aliyepanda, akachuma na akaanika, hana njia ya kuona ndani ya mizani. Akipunjwa kilo mbili hatajua. Basi na mshtakiwa ni hivyo hivyo: hawezi kuudai ushahidi ambao hajui kwamba upo. Ajabu ni kwamba mizani ya karafuu ina mkaguzi, na mizani ya roho za watu mara nyingi haina.

Ndugu wanachama, kabla ya kurejea kwetu nitakwenda mbali, mpaka Marekani. Nakwenda huko kwa sababu mafaili ya waendesha mashtaka wa huko yamefunguliwa, yakasomwa hadharani, na majaji wakaandika yaliyokuwamo. Tena nchi ile hujisifu kwa sheria zake, na ina mawakili na magazeti kwa maelfu. Likitokea huko jambo la kuficha, basi hapana nchi inayoweza kusema kwamba jambo hilo haliwezi kutokea kwake.

Huko Marekani wajibu wa mwendesha mashtaka umetamkwa zamani. Mwaka 1935 Mahkama ya Juu ya nchi hiyo ilieleza kwamba mwendesha mashtaka si mgomvi wa kawaida mwenye kutaka kushinda tu. Yeye ni mjumbe wa dola, na haja ya dola ni haki itendeke. Ana ruhusa ya kushindana kwa nguvu zake zote, lakini hana ruhusa ya kutumia khiana. Kisha mwaka 1963, mwaka ule ule visiwa vyetu vilipopata uhuru wake katika mwezi wa Disemba, Mahkama hiyo ikakata shauri katika kesi ya mtu aitwaye Brady wa jimbo la Maryland. Mtu huyu alikubali kwamba alikuwamo katika tendo la jinai, lakini akasema kwamba aliyeua ni mwenzake. Mwenzake alikuwa amekiri kwa maandishi kwamba ni yeye aliyeua, na maandishi hayo wakili wa Brady hakuonyeshwa. Majaji wakasema: kumnyima mshtakiwa ushahidi wenye kumfaa, pale alipouomba, ni kumvunjia haki yake ya katiba, ikiwa umefichwa kwa nia mbaya au kwa kusahau.

Hayo ni maneno mazuri. Lakini sheria isiyo na adhabu ni kama nyumba isiyo na komeo. Mwaka 1976 Mahkama hiyo hiyo, katika kesi ya mtu aitwaye Imbler, iliamua kwamba mwendesha mashtaka hawezi kudaiwa fidia na aliyedhulumiwa kwa yale aliyoyafanya katika kuendesha kesi, hata akiwa ameyafanya kwa makusudi. Ana kinga kamili. Majaji wakaongeza kwamba hapana khofu, kwani mwenye kukosa kwa makusudi anaweza kushtakiwa kwa jinai, au kuadhibiwa na wakuu wa mawakili. Tazameni sasa ahadi ile ilivyotimizwa.

Mwaka 1985 katika mji wa New Orleans, kijana mmoja mweusi, jina lake John Thompson, alishtakiwa kwa makosa mawili: kujaribu kunyang'anya kwa silaha, na kuua. Mashtaka haya yalikuwa ya matukio mbalimbali. Waendesha mashtaka walianza na kesi ya unyang'anyi. Akitiwa hatiani kwa hiyo, hataweza kusimama katika kesi ya mauaji akajitetea kwa kinywa chake bila ya kusomewa kosa lake la kwanza. Ikawa kama walivyotaka. Alitiwa hatiani kwa unyang'anyi, akanyamaza katika kesi ya mauaji, akahukumiwa kufa.

Lakini katika ule unyang'anyi, damu ya mnyang'anyi iliingia katika nguo ya mmoja wa walioshambuliwa. Kitambaa hicho kilipelekwa maabara, na jawabu likarudi kwamba damu ile ni ya kundi B. Damu ya Thompson ni ya kundi O. Jawabu hilo halikupelekwa kwa wakili wake. Asubuhi ya siku ya kesi mmoja wa waendesha mashtaka alikitoa kitambaa katika ghala ya vielelezo kwa saini yake, na hakikurudi tena.

Thompson alikaa gerezani miaka 18, na miaka 14 katika hiyo alikuwa katika chumba cha wanaongoja kuuawa. Siku ya kuuawa kwake ilipangwa mwezi wa Mei 1999. Wiki chache kabla ya siku hiyo mpelelezi wa mawakili wake akaipata karatasi ya maabara. Hukumu ya unyang'anyi ikafutwa. Mwaka 2002 hukumu ya mauaji nayo ikabatilishwa, na mwaka 2003 kesi ikasikilizwa upya. Safari hii alisimama akajieleza mwenyewe, na jopo la raia wanaoamua kesi likatumia dakika 35 tu kusema kwamba hana hatia.

Sasa sikilizeni yaliyofuata, maana hapa ndipo penye somo letu. Yule mwendesha mashtaka aliyekificha kitambaa alikwisha kufa. Mwaka 1994, alipoambiwa na madaktari kwamba maradhi yake hayana dawa, alimweleza rafiki yake, ambaye naye ni wakili na alikuwa mwendesha mashtaka zamani. Rafiki yule alinyamaza miaka mitano, wakati mtu anangoja kuuawa, akasema mwaka 1999 baada ya karatasi kuonekana. Mkuu wa ofisi ya mashtaka aliita jopo la uchunguzi, kisha akalivunja baada ya siku moja. Hakuna mwendesha mashtaka aliyetiwa kizimbani kwa jambo lile. Mtu aliyepata adhabu ya nidhamu alikuwa yule rafiki, aliyekaripiwa hadharani mwaka 2005 kwa kuchelewa kusema. Thompson alipodai fidia, jopo la raia lilimpa dola milioni 14, yaani milioni moja kwa kila mwaka aliongoja kifo. Mwaka 2011 Mahkama ya Juu ikamnyang'anya fedha hizo, majaji 5 kwa 4. Watano hao walisema kwamba ofisi haiwezi kudaiwa kwa kosa moja la kutowafundisha watu wake, ila ithibitishwe kwamba makosa ya namna hiyo yalikuwa na mfululizo.

Basi hesabuni wenyewe. Mwendesha mashtaka mmoja mmoja hadaiwi, kwa sababu ana kinga. Ofisi yake haidaiwi, kwa sababu kosa ni moja. Mkuu wa ofisi anachunguza ofisi yake mwenyewe, akaona siku moja yatosha. Wazee wetu walikwisha kusema: kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Ipo kesi nyengine ambayo mwisho wake ni tofauti kidogo, na ni ya jimbo la Texas. Mwaka 1986 mke wa Michael Morton aliuawa nyumbani kwao. Mwaka 1987 mumewe akahukumiwa kifungo cha maisha. Katika faili la wapelelezi mlikuwamo maelezo ya bibi wa mtoto wao, kwamba mtoto yule wa miaka mitatu aliona mauaji na akasema baba yake hakuwapo nyumbani. Mlikuwamo pia maelezo ya majirani waliomwona mtu na gari lake jirani na nyumba ile. Mambo haya hakupewa wakili wa mshtakiwa. Morton alikaa jela karibu miaka 25, mpaka mwaka 2011 uchunguzi wa chembe za damu katika kitambaa kilichookotwa karibu na nyumba ulipomtaja mtu mwengine.

Mtu huyo mwengine alitiwa hatiani mwaka 2013 kwa mauaji hayo, na mwaka 2016 akatiwa hatiani tena, kwa kumuua mwanamke wa pili katika mji wa Austin mwaka 1988. Zingatieni tarehe hiyo, ndugu zangu. Mwaka 1988 Morton alikuwa jela. Wapo wasemao kwamba kumbana mwendesha mashtaka ni kuwapendelea wahalifu. Mwanamke yule wa Austin aliuawa kwa sababu mwenye hatia alikuwa nje na asiye na hatia alikuwa ndani. Kuuficha ushahidi wa mmoja ni kumfungulia mlango mwengine.

Aliyeiendesha kesi ya Morton alikwisha kupanda cheo akawa jaji. Mwaka 2013 jaji mwengine aliitwa kuyachunguza mambo yale hadharani, naye akaona kwamba iko sababu ya kumshtaki. Katika mwezi wa Novemba mwaka huo mtu yule alitiwa hatiani kwa kuidharau mahkama, maana katika kesi ya 1987 jaji alikuwa amemwamuru akabidhi maelezo ya wapelelezi. Aliwachia leseni yake ya uwakili, akatozwa dola 500, akaamriwa kufanya kazi ya jamii saa 500, akafungwa siku 10. Naye hakuzimaliza siku hizo. Miaka 25 kwa siku 10: hiyo si mizani iliyo sawa. Lakini milango ya jela ilifunguka kumpokea mwendesha mashtaka, jambo ambalo watu wengi walidhani haliwezekani. Fauka ya hayo, mwaka huo huo wa 2013 Texas ilitunga sheria iliyopewa jina la Morton. Sheria hiyo yamlazimisha mwendesha mashtaka kuufungua ushahidi wake kwa mtetezi, na kuweka kumbukumbu ya kila alichokitoa. Na mwaka 2016 jimbo la California likaifanya kuwa jinai kubwa kwa mwendesha mashtaka kuuficha kwa makusudi ushahidi wenye kumfaa mshtakiwa.

Mtu ataniuliza: Marekani na sisi wapi na wapi? Sheria zetu za jinai asili yake ni Uingereza. Basi nami nitamjibu kwa Uingereza. Mwaka 1975 watu wanne walihukumiwa kifungo cha maisha kwa mabomu yaliyolipuliwa katika mji wa Guildford. Walitolewa mwaka 1989. Miongoni mwa yaliyogunduliwa ni maelezo ya shahidi aliyemuunga mkono mmoja wao kwamba siku ile alikuwa mahali pengine, nayo hayakuwa yameonyeshwa kwa watetezi. Ndipo mwaka 1996 Waingereza wakaandika katika sheria ya Bunge utaratibu wa ushahidi gani lazima utolewe. Yaani hata waliotuachia sheria zao wameziona pengo na wakajaribu kuliziba.

Sasa tuje kwetu.

Hapana katika nyinyi asiyeijua kesi ya wale 18. Kuanzia mwisho wa mwaka 1997 walikamatwa wanachama 18 wa Chama cha Wananchi, miongoni mwao wakiwamo wajumbe wa Baraza la Wawakilishi, wakashtakiwa kwa uhaini, kosa ambalo adhabu yake ni kifo na halina dhamana. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Walikaa ndani zaidi ya miaka miwili, na wengine karibu mitatu. Mwezi wa Novemba 2000 mashtaka yaliondolewa. Mwezi huo huo Mahkama ya Rufaa ya Tanzania ikatoa uamuzi wake kwamba kosa la uhaini haliwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Zanzibar, kwa kuwa dola yenyewe ni Jamhuri ya Muungano. Maana yake ni kwamba lile shtaka, ambalo kwa ajili yake watu 18 walilala jela usiku baada ya usiku, halikuwa na mguu wa kusimamia katika sheria tangu siku lilipoandikwa.

Sitaki hapa kuzungumza juu ya Muungano, ambao una mkutano wake. Nataka niulize swali la leo: ni nani aliyetakiwa aeleze? Shtaka likikosa msingi kwa siku tatu, hilo laweza kuwa kosa la haraka. Likikosa msingi kwa miaka mitatu, yapasa awepo mtu wa kulijibia.

Wakati huo mashtaka yalikuwa chini ya Mwanasheria Mkuu. Mwaka 2002 Katiba ya Zanzibar ilibadilishwa na ikawekwa ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka, isiyopasa kuamrishwa na mtu yeyote katika kazi yake. Hilo lilikuwa jambo jema, na chama cha upinzani kisiwe na haya ya kusema kwamba jema ni jema. Walakin kutoingiliwa ni jambo moja, na kutoulizwa ni jambo jengine. Jaji naye haingiliwi; lakini hukumu yake yasomwa hadharani, ina sababu zilizoandikwa, na yaweza kukatiwa rufaa. Uamuzi wa mwendesha mashtaka aghlabu hauna hata kimoja katika hivyo vitatu.

Huko Bara, Katiba ya Jamhuri ya Muungano yamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka azingatie haja ya kutenda haki, kuzuia taratibu za haki zisitumiwe vibaya, na maslahi ya umma. Nayo ni maneno yanayopendeza. Lakini sheria yampa uwezo wa kuiondoa kesi wakati wowote kabla ya hukumu, na kuiondoa huko hakumzuii kushtaki upya. Imetokea watu kuambiwa na hakimu kwamba wako huru, wakakamatwa tena kabla hawajafika nyumbani. Viongozi wa Uamsho, watu wa visiwa hivi, walioshtakiwa Dar es Salaam kwa makosa ya ugaidi, walikaa rumande miaka mingi bila ya kesi yao kufikia hukumu, mpaka Mkurugenzi wa Mashtaka alipoiondoa mwezi wa Juni 2021. Mimi sisemi kwamba walikuwa na hatia wala kwamba hawakuwa nayo. Hakuna mahkama iliyotamka, na hilo ndilo khasa lalamiko langu. Kama ushahidi ulikuwapo, kwa nini usiletwe? Kama haukuwapo, kwa nini wakae miaka yote ile?

Wala msikate tamaa. Ilikuwapo huko Bara kanuni iliyomwezesha Mkurugenzi wa Mashtaka kuzuia dhamana kwa cheti chake tu, akiandika kwamba usalama au maslahi ya Jamhuri yatadhurika. Hakimu akishapewa cheti hicho alikuwa hana la kusema. Wakili mmoja alikwenda Mahkama Kuu akadai kwamba kanuni hiyo yavunja Katiba. Akashinda, Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2018 Mahkama ya Rufaa ikasema kwamba wakili yule alikuwa na haki. Mtu mmoja, kwa karatasi na hoja, aliondoa jambo lililokuwa limekaa katika sheria miaka na miaka.

Ipo hoja ambayo hatuna budi kuijibu kwa insafu. Watu husema: mwendesha mashtaka akijua kwamba ataulizwa, atakhofu, na wezi na wauaji watapona. Hoja hii si ya kijinga. Mwendesha mashtaka anapambana na watu wabaya, tena wengine wana mali na jamaa. Akiwa kila mara anaposhindwa kesi anaburutwa mahkamani, hapana atakayeitaka kazi hiyo. Kwa hivyo tuweke mpaka ulio wazi. Kushindwa kesi si kosa. Kukosea katika fikra si kosa la kumfunga mtu. Tunalolitaka liulizwe ni lile la makusudi: kuuficha ushahidi, kumwita shahidi ilhali wajua kwamba asema uwongo, kumweka mtu ndani kwa shtaka ambalo wewe mwenyewe hulisadiki. Mwendesha mashtaka mwaminifu hana la kukhofu katika mpaka huu, kama vile mnunuzi mwenye mizani sawa asivyomkhofu mkaguzi.

Na sasa nitasema neno ambalo huenda lisiwapendeze baadhi yetu. Haki hii hatuidai kwa ajili ya watu wetu peke yao. Tunaidai kwa mwizi wa kuku, kwa mgeni asiye na jamaa, na kwa yule aliyetutukana jana katika mkutano wake. Tena tunaidai ili itufunge sisi wenyewe. Iwapo kesho wananchi watatupa dhamana ya kuongoza, ofisi hiyo itakuwa mbele yetu na mafaili yake yote, na watakuwapo miongoni mwetu watakaosema: sasa zamu yetu. Siku hiyo ndiyo itakayoonyesha kama tulikuwa twataka haki au twataka zamu. Chama kisichokubali sheria ambayo itaizuia mikono yake kitakapokuwa na nguvu, hakina haki ya kulalamika kinapokuwa dhaifu.

Kwa hivyo naleta mbele ya mkutano huu mambo manne, ili Kamati iyafikirie na kuyatia katika madai yetu.

La kwanza, sheria imlazimishe mwendesha mashtaka kumpa mshtakiwa, kabla ya kesi kusikilizwa, orodha ya ushahidi wote uliokusanywa, wenye kumdhuru na wenye kumfaa, na orodha hiyo itiwe saini na pande zote mbili. Karatasi yenye saini haisahau.

La pili, liwepo baraza la kupokea malalamiko juu ya waendesha mashtaka, na wengi wa wajumbe wake wasitoke katika ofisi hiyo wala katika polisi. Jimbo la New York lilitunga sheria ya namna hii mwaka 2018, waendesha mashtaka wakaipinga, mahkama ikaibatilisha mwaka 2020, na mwaka 2021 ikatungwa upya. Tusidhani kwamba kwetu itapatikana kwa siku moja.

La tatu, kuuficha ushahidi kwa makusudi liwe kosa la jinai lenye adhabu iliyotajwa, na kinga ya kazi isimfunike aliyelitenda.

La nne, kesi ikiondolewa baada ya mtu kukaa rumande muda mrefu, sababu zisomwe mbele ya mahkama iliyo wazi, na mahkama iwe na uwezo wa kuamuru fidia. Aliyepoteza miaka ya nguvu zake, mashua yake ikaoza pwani na watoto wake wakatolewa skuli, hatoshi kuambiwa: nenda zako.

Wakati twayangojea hayo, yako ambayo tawi laweza kuyafanya bila ya kumwomba mtu rukhsa. Mahkama zetu huketi wazi. Wapatikane vijana wawili wawili, wenye hati nzuri na subira, wahudhurie kesi. Waandike katika daftari tarehe ya kesi, shtaka lenyewe, mara ngapi limeahirishwa, na sababu iliyotolewa. Wasipige kelele, wasimtukane hakimu wala mwendesha mashtaka, wasiseme nje kwamba fulani ana hatia au hana. Waandike tu. Serikali huweza kuyakanusha maneno ya mkutano wa hadhara. Ni vigumu kuzikanusha tarehe 30 za kuahirisha zilizoandikwa na mtu aliyekuwapo. Wale waliomwokoa Thompson hawakumwokoa kwa makelele. Walimwokoa kwa kutafuta karatasi moja, nao hawakuchoka kuitafuta.

Ndugu wanachama, ofisi ya mashtaka ni ya wananchi. Kesi huitwa kwa jina lao, na mshahara wa mwendesha mashtaka hutoka katika kodi ya mvuvi, ya mkulima na ya mwenye duka. Mwenye kutumia jina la watu hana haki ya kukataa kuulizwa na watu. Hilo ndilo niliotaka kusema, na naliacha mikononi mwenu mlijadili.